Kadi ya Gari Haikumbuki Ajali

Mtumishi wa Serikali aliyeko Shinyanga anapoambiwa kwamba lipo gari zuri linalouzwa kwa theluthi mbili tu ya bei inayojulikana mjini, jambo la kwanza analouliza mara nyingi ni namba. Je, ni namba D au ni namba E? Akisikia kwamba ni E moyo wake hutulia, kana kwamba herufi hiyo ni cheti cha daktari. Kumbe herufi ya namba humwonyesha mtu gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Haimwambii lilitengenezwa mwaka gani, wala haimwambii kama lilipata kupinduka kwenye mteremko wa Sekenke likavutwa hadi gereji likiwa limekunjamana kama kopo.

Hilo la pili ndilo swali kubwa, nalo ndilo lisiloulizwa. Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayouzwa nchini yamo yale ambayo kampuni za bima zilikwisha kuyakatia tamaa. Utaratibu wenyewe si wa siri wala si wa kihuni. Gari lenye bima kubwa likiumia kiasi kwamba gharama ya kulitengeneza inakaribia au kupita thamani yake, kampuni humlipa mwenye mali fidia ya gari zima, kisha huyachukua mabaki na kuyauza kwa zabuni au kwa mnada, kwa maneno yale yale yanayosomwa kila siku kwenye matangazo: kama yalivyo na mahali yalipo. Aliyeyanunua anaweza kuyachambua akauza vipuri, au akayanyoosha, akayapiga rangi na kuyarudisha barabarani. Mpaka hapo hakuna aliyeonewa, maana bei ilikuwa ya mabaki na kila mtu alijua ananunua mabaki. Dhuluma huanza pale gari hilo linapouzwa mara ya pili, kwa mnunuzi asiyejua, kwa bei ya gari lisilo na historia.

Na mnunuzi huyo atajulia wapi? Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato huonyesha namba ya usajili, namba ya chesisi na ya injini, aina ya gari, rangi, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, uzito na mwenye mali. Mahali pa ajali hapana. Gari lililofutwa na bima na gari lililotunzwa na mzee mmoja mstaafu kwa miaka kumi hubeba kadi za namna moja. Shinyanga iko karibu kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, na gari lililoangukia mkoa mmoja si lazima liuzwe katika mkoa huo huo. Likisafiri kwa barabara ya Singida, Nzega na Tinde, linawaacha nyuma wote walioliona likiwa mtaroni. Huku linakuta msimu wa pamba au fedha za dhahabu kutoka Kahama na Geita, na linakuta watu wenye haja ya usafiri.

Nchi nyingine zimekwisha kuona kasoro hiyo. Huko Marekani gari lililofutwa na bima hupewa hati yenye alama ya kwamba ni mabaki ya ajali. Wajanja waligundua kwamba kila jimbo lina sheria zake, wakawa wanalihamisha gari kutoka jimbo hadi jimbo mpaka alama ikapotea njiani. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 magari yaliyozama yalionekana yakiuzwa mbali na pwani kama magari mazima. Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyoweka msingi wa daftari moja la hati kwa nchi nzima. Uingereza nayo, tangu Oktoba 2017, huyagawa magari hayo kwa herufi: A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani, S ni lile lililoumia kiunzi chake, na N ni lile ambalo kiunzi hakikuguswa. Mnunuzi wa huko anaweza kulikubali gari la N kwa bei nafuu na asilaumiwe na mtu, kwa sababu ameamua akiwa na habari mbele yake.

Habari kama hizo si kwamba hazipo kabisa kwa magari ya hapa. Mengi hutoka Japani, na huko gari likipita mnadani wakaguzi huliandikia karatasi yenye daraja lake. Herufi R au RA kwenye karatasi hiyo maana yake ni kwamba gari lilipata ajali na kutengenezwa. Kwa namba ya chesisi na ada isiyo kubwa, karatasi ya gari lililopita mnadani huweza kutafutwa hata baada ya gari kufika nchini. Mtu anayekopa mamilioni ya shilingi akaona uchungu kulipa ada hiyo anastahili kuulizwa anaweka akiba ya nini. Lakini karatasi ya Japani huishia Japani. Lililotokea baada ya gari kuteremshwa bandarini haliwezi kulisema.

Hapana budi pia kutofautisha umbo na umbo. Hilux au Land Cruiser ya kazi hukaa juu ya chesisi yake. Fundi mwenye vifaa huweza kubadili bodi nzima na gari likaendelea kufanya kazi. Gari dogo kama IST, au Noah, halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Ikikatwa na kuunganishwa kwa kulehemu, nguvu iliyokusudiwa na kiwanda hairudi kwa sababu ya rangi kung'aa. Gari kama hilo huweza kwenda vizuri kwenye lami ya mjini kwa mwaka mzima, halafu changarawe ya Kishapu au ya Nyang'hwale ikaanza kulifungua viungo.

Sasa ichukuliwe kwamba mwalimu amekopa kwa dhamana ya mshahara wake ili anunue gari la shilingi milioni 9, wakati magari ya aina hiyo huuzwa milioni 13. Mkopo ni wa miezi 60. Kila mwezi makato hukatwa kabla mshahara haujamfikia, na kanuni ya kumwachia mtumishi theluthi moja ya mshahara humkinga asife njaa tu, haimrudishii gari. Gari likifia mkononi mwake mwezi wa ishirini, bado ana makato 40 ya kitu kilichoegeshwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Bima ndogo hailipi hata shilingi moja kwa gari lake mwenyewe. Bima kubwa nayo imejengwa juu ya ukweli wa mwombaji; kampuni ikigundua kwamba historia ilifichwa ina sababu ya kukataa dai. Njia inayobaki ni kuliuza, na hapo ndipo mwalimu huyo, aliyeonewa, anapoanza kutafuta mwalimu mwenzake wa shule ya jirani ambaye hajui kitu. Ile milioni 4 aliyodhani ameiokoa huishia hapo.

Wapo wanaotegemea sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimlindi mnunuzi kwa kila kasoro. Aliyelikagua gari kabla ya kununua hana kinga kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo ukaguzi wa kupiga teke tairi na kuwasha redio ni hatari kuliko kutokagua kabisa. Fundi asiye rafiki wa muuzaji alale chini ya gari na atazame maungio. Apime kwa futi urefu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Avute mkanda wa kiti mpaka mwisho, kwani tope la mafuriko hukauka pale ambapo mwoshaji hafiki, na asome tarehe iliyoshonwa kwenye lebo yake. Ufunguo ukizungushwa, taa ya mito ya hewa iwake kisha izime yenyewe; isiyowaka kabisa huenda ilifungwa kwa makusudi. Na katika mkataba wa mauziano liandikwe tamko la muuzaji kwamba gari halikupata kulipwa na bima kama gari lililokwisha. Muuzaji akikataa kuliandika, mnunuzi arudi nyumbani na fedha zake.

Si kila gari la mabaki ni la kukataliwa. Mtu mwenye fedha taslimu, anayeonyeshwa picha za gari kabla halijatengenezwa pamoja na risiti za vipuri, ambaye mifupa ya gari haikuguswa na ambaye bei imeshuka vya kutosha, anaweza kulinunua na kulitumia mpaka lichakae. Kwa mkopo wa miaka mitano, hapana.

Mzigo huu hata hivyo haufai kuachiwa mwalimu na fundi wake peke yao. Daftari la magari liko kwa Mamlaka ya Mapato, na kampuni za bima ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo stika zake siku hizi mwananchi huzihakiki kwa simu. Zote mbili ni ofisi za Serikali. Kampuni inapolipa fidia ya gari zima ingetakiwa kupeleka namba ya chesisi kwenye daftari hilo siku hiyo hiyo, na kadi mpya itakayotolewa kwa mnunuzi wa mabaki iandikwe mstari mmoja unaotaja mwaka na sababu. Gari lisilofaa kurudi barabarani lifutwe usajili kabla mabaki hayajaondoka uwanjani, ili kadi yake isije ikavikwa gari jingine lililoibwa.