Mbona mwezi huu nimekatwa zaidi?



Mwaka 2022 nilikuwa msimamizi wa shule moja ya parokia. Jioni moja mwalimu alinisubiri nje ya sakristia, mkononi ana karatasi mbili za mshahara. “Shikamoo Baba. Mshahara wangu ni uleule, laki sita. Mwezi uliopita kodi ilikuwa 24,000, mwezi huu 36,000. Kuna nini?”

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya Serikali. Nilikuwa nawahi Masifu ya Jioni, aibu yangu.

Alirudi wiki iliyofuata, ndipo nikakaa na mhasibu. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi hadi 760,000 ni asilimia 20. Lakini kabla ya hesabu hiyo huondolewa mchango wa pensheni wa mfanyakazi, kwake 60,000. Kodi ilipaswa kupigwa kwenye 540,000, yaani 24,000. Mwezi ule mhasibu aliipiga kwenye laki sita nzima. Serikali haikuhusika. Kosa lilitoka kwenye ofisi yetu, yenye msalaba ukutani.

Zipo sababu halali za kodi kupanda: malipo ya saa za ziada, malimbikizo, posho. Basi mtu aelezwe.

Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji (Lk 3:12-13), hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasitoze zaidi ya walichopangiwa. Tumezoea kuhubiri aya hiyo huku tukimfikiria ofisa wa mapato. Lakini kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri, mwenye hoteli, mwenye duka, paroko. Mtoza ushuru wa Injili hiyo nilikuwa mimi, na nilimfukuza mlalamikaji kwa upole wa kipadri.

Tulimrudishia 12,000 zake. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Sisi hata kumwomba radhi mbele ya wenzake hatukufanya, ingawa wote walijua alivyoambiwa kwamba anasumbua.

Ndugu zangu wa kamati za fedha za parokia, kesho Jumatatu ombeni karatasi za mishahara za miezi mitatu, za walimu na wauguzi wa zahanati zetu. Zipangeni mezani. Tarakimu ikibadilika na mhasibu akakosa jibu, mwiteni mwenye mshahara, mpeni kiti, mwanzeni kumsikiliza.