Mchezo Usio na Viti

Wako wenzetu wasemao ya kuwa mchezo wa kuigiza ni wa Jumamosi jioni, na sayansi ni ya darasani, na mtu akivichanganya ataharibu vyote viwili. Mimi nakataa. Lakini mchezo niutakao si ule wa pazia na jukwaa, ambao sisi tuliokaa nyuma hatusikii kitu ila kicheko cha walio mbele. Nataka mchezo usio na viti, mtazamaji aingie ndani yake na kupewa kazi.

Tuchukue London, mwaka 1854. Kipindupindu kimeingia njia iitwayo Broad Street, na katika siku 10 watu zaidi ya 500 wamekufa. Bwalo letu ndilo mtaa huo. Kila aingiaye apewe karatasi: wewe mjane, wewe mfanyakazi wa kiwanda cha pombe, wewe umo katika nyumba ya maskini yenye watu 535. Karatasi imwambie maji aliyateka wapi, na kama yu hai. Kisha Daktari John Snow apite akiuliza, na kwa kila aliyekufa iwekwe punje ya hindi juu ya ramani iliyochorwa sakafuni kwa chaki.

Hapo ndipo penye utamu. Punje zitalizunguka bomba moja. Lakini nyumba ya maskini iliyo karibu imepoteza watu 5 tu, na wale wa kiwanda cha pombe, zaidi ya 70, hakufa hata mmoja! Tena mjane amekufa Hampstead, mbali kabisa. Kwa nini? Mtu asiambiwe, na aulize mwenyewe. Nyumba ya maskini ilikuwa na kisima chake. Watu wa kiwanda walikunywa pombe yao. Mjane aliletewa maji ya bomba lile kwa kuwa aliyapenda.

Sehemu ya wale walioshika kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya ipewe waigizaji hodari, maana wakuu wa afya wa siku zile waliwaamini hao, wala si Snow. Na mpini wa bomba ulipoondolewa tarehe 8 Septemba, ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua. Basi tusipige vigelegele.

Wataniambia mtihani u karibu. Mchezo huu ni wa saa mbili, nasi hupoteza zaidi ya hizo tukingojea uwanja ukauke. Wala si habari za Wazungu wa kale tu. Mwaka 2018 kipindupindu kiliwaua baadhi ya wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Kongo kuingia Hoima. Wakati wa likizo wengi wetu twarudi penye kisima kimoja na vyoo jirani, na wazee hutuuliza sisi, kwa kuwa ati tumesoma. Kuyataja majina ya vijidudu hakutamfaa bibi kitu.

Ninyi mliokwisha maliza, hasa waganga na mafundi wa maji, mmoja wenu na aje awe Snow. Chaki tunayo. Mahindi tutaomba jikoni.