Kuku ni Wako, Ugonjwa ni wa Kijiji

Je, unafuga kuku? Nyumba nyingi za vijijini zina kuku. Kuku hutupa mayai na nyama. Kuku hununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Mgeni akija ghafla, kuku hutuondolea aibu.

Mimi nilikuwa na kuku mmoja niliyempenda sana. Watoto walimwita Madoa. Alikuwa akitaga mayai 12, kisha anaatamia. Asubuhi moja nilimkuta amesimama peke yake pembeni ya banda. Alikuwa amefumba macho. Manyoya yalisimama, mabawa yalishuka. Nilimtupia mtama, hakula. Kinyesi chake kilikuwa maji maji ya kijani.

Nilijua kuwa anaumwa. Nilifanya nini? Nilimfunga miguu, nikampeleka gulioni kabla hajafa. Jirani yangu, mama mjane, alitaka kumnunua. Aliniuliza mbona kuku amelegea. Nilimjibu kuwa ni joto la jua. Akanilipa.

Siku ya pili Madoa alikufa. Baada ya wiki moja kuku wa mama yule walianza kufa mmoja mmoja. Walihema kwa shida. Miguu ilipooza, shingo zikapinda. Alikuwa na kuku 14, akabaki na 2. Alikuwa amepanga kuwauza ili anunue sare ya shule ya mwanawe. Alikuja kwangu, akauliza, "Jirani, yule kuku alikuwa mzima?" Sikuwa na jibu. Wiki ile ile kuku wangu pia walikwisha.

Ugonjwa ule ni mdondo. Wengine huuita kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutoka katika kinyesi na makamasi ya kuku mgonjwa. Husafiri kwa tenga, kwa viatu vyetu, na kwa kuku anayehamishwa. Mdondo hauna dawa ya kuuponya. Pilipili haiponyi. Majivu hayaponyi. Hata vidonge vya dukani haviponyi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kuku mgonjwa asiuzwe, wala asitolewe zawadi.

Najua utasema, "Nikimwacha afe, nimepata hasara." Ni kweli, utapoteza kuku mmoja. Lakini ukimuuza, utapeleka hasara kwa jirani. Kutoka kwa jirani itakwenda kijiji kizima. Kesho utakapotaka koo wa kuanza upya, utampata wapi? Wengine husema, "Basi nimchinje." Damu, manyoya, utumbo na maji ya kunyonyolea hutupwa uani. Kuku wazima huja kudonoa hapo, nao huugua.

Sasa tufanye nini? Kila asubuhi unapofungua banda, watazame kuku wako. Kuku mzima hutoka mbio, hupekua na kula. Asiyetoka, anayezubaa au aliyeacha kutaga ghafla, mchunguze. Tazama macho, pua na kinyesi chake. Si kila kuku anayezubaa ana mdondo. Huenda ana minyoo, utitiri au ndui. Lakini kuku wengi wakiugua kwa siku chache, wakahara kijani na kupinda shingo, shuku mdondo.

Mtenge kuku mgonjwa siku hiyo hiyo. Mfunike kwa tenga mahali pa kivuli, mbali na wenzake. Mpe maji safi. Wahudumie kwanza kuku wazima, mgonjwa awe wa mwisho. Kisha nawa mikono kwa sabuni na safisha viatu. Mwite bwana mifugo. Waambie majirani, usione haya. Kuku akifa, mchome moto au mfukie katika shimo refu. Usimtupe porini, wala usimpe mbwa.

Lakini ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Mdondo una chanjo. Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ila isiachwe juani. Tone moja huwekwa katika jicho moja la kuku. Wachanjwe wakubwa na vifaranga. Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Wachanje kuku wakiwa wazima, kwa sababu chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua.

Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Ikifunguliwa, haikai siku nyingi. Kwa hiyo mtu mmoja akiinunua peke yake, nyingi itamwagwa. Majirani wakichanga fedha na kupanga siku moja, kila mmoja atalipa kidogo. Kuku wa wote watapona. Na ukileta kuku mgeni, mtenge kwa wiki 2 kabla ya kumchanganya na wengine.

Mama yule na mimi sasa tunachanga pamoja na majirani wengine. Nilimlipa kuku wawili, lakini deni la uongo wangu halilipiki kwa kuku. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nakuomba ujifunze kwa kosa langu. Kuku ni wako, lakini ugonjwa ni wa kijiji kizima.

Maswali ya kujadili

1. Utamtambuaje kuku anayeumwa?
2. Kwa nini si vizuri kuuza kuku mgonjwa?
3. Katika kitongoji chenu, nani atakusanya fedha za chanjo, na mtachanja lini?