Mkamwana mgeni naye apelekwe kliniki

Mama zangu wa Kilwa na Lindi, leo nawasemea wenzetu waliotoka Msumbiji kuolewa huku. Wengi wanaogopa hospitali ya serikali: "Mimi mgeni, nitafukuzwa." Mwisho analetwa usiku, uchungu umeshika, presha juu, hata kundi la damu hajui. Kifafa cha mimba hakiulizi pasipoti jamani!

Kwangu mimi, kazi hii ni yetu wenyeji. Kinyonga ipo Kilwa Kivinje, Sokoine ipo Lindi mjini. Mpelekeni mimba ikiwa changa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8. Abebe kadi ya kwao, hata ya Kireno. Gharama ulizeni mapema, msikisie. Na wewe wifi, ingia naye umtafsirie.