UKURASA WA ELIMU: Je, uhandisi wa ndege ni wa matajiri tu?

Mwezi huu tunajibu swali la wazazi: mtoto akisema anataka kusomea mashine na ndege mpaka mwisho, sisi wa kambini pesa tutatoa wapi?

Kwanza tujue masomo yenyewe. Uhandisi wa mitambo ni elimu ya pampu ya kisima, mashine ya kusaga, injini ya lori la mgao. Uhandisi wa ndege na roketi ni ndugu yake. Hesabu zinazoeleza maji yanavyopita ndani ya bomba ndizo zinazoeleza hewa inavyopita kwenye bawa. Ndiyo maana vyuo kama Princeton, huko Marekani, vinafundisha yote mawili katika idara moja.

Sasa pesa. Ngazi ni tatu: shahada ya kwanza, uzamili, halafu udaktari. Marekani, uzamili mara nyingi unajilipia. Lakini mwanafunzi wa udaktari wa uhandisi kwa kawaida halipi karo, tena anapewa posho kwa kufundisha au kumsaidia profesa katika utafiti. Ajabu, eh? Ngazi ya juu kabisa ndiyo inayokulipa. Na wapo wanaoingia udaktari moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza.

Basi mlima wetu ni hiyo ya kwanza. Hapo kuna DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, unaowalipia wakimbizi chuo katika nchi walikokimbilia. Tusidanganyane, nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Maksi zinaangaliwa.

Wenye mabinti, mfikirieni Kalpana Chawla, mzaliwa wa Karnal, India. Mwaka 1982 alimaliza shahada ya uhandisi wa ndege kwao, akaenda Marekani. Mwaka 1984 alipata uzamili Texas, mwaka 1988 udaktari Colorado, na mwaka 1997 akaruka angani. Alifariki tarehe 1 Februari 2003, chombo cha Columbia kilipovunjika kikirudi duniani, yeye na wenzake 6. Lakini safari yake ilianzia kwenye daftari la hesabu.

Jamani, tunaomba mambo mawili. La kwanza, msimtoe mtoto kwenye hesabu na fizikia kwa sababu eti ni ngumu, au eti ni msichana. Akishaziacha sekondari, kuzirudia ni kazi kubwa. La pili, tunzeni vyeti na karatasi za maksi za kila mwaka. Vifungeni kwenye nailoni, mbali na mvua na panya. Chuo kitataka kuviona, na mkimbizi aliyepoteza karatasi anateseka kuthibitisha alichosoma.

Pesa inaweza kutafutwa baadaye. Hesabu haisubiri.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.