Alama Zitolewe Hadharani

Kila msimu wa mashindano ya skuli unapomalizika Unguja na Pemba, hubaki manung'uniko ambayo hayahusu mpira wala mbio. Katika mpira, bao limeingia au halikuingia. Katika mbio, aliyefika mwanzo ameonekana na kila mwenye macho. Manung'uniko tunayoyasema ni yale ya ngoma, kwaya, maigizo na sarakasi, ambako watu wachache hukaa nyuma ya meza, huandika wanayoyaandika, na mwishowe mmoja wao husimama akataja mshindi. Watoto walioshindwa hurudi makwao bila ya kujua wameshindwa kwa nini. Mwalimu wao naye hajui. Mwaka unaofuata huja na yale yale, na hupata yale yale.

Wako wanaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwa kuwa zawadi yenyewe ni kikombe tu. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayezoeshwa kuona kwamba ushindi hutolewa kwa sababu zisizosemwa, anafunzwa somo ambalo hakuna mtumishi wa serikali ambaye angependa alichukue mpaka utu uzima.

Tunawaomba wasomaji watuvumilie leo tukitafuta mfano mbali, katika mchezo ambao huku visiwani haujulikani sana na ambao hata kwao ulichekwa kwa muda mrefu. Nao ni ushangiliaji wa mashindano, uliozaliwa Marekani. Asili yake yatajwa kuwa ni mwaka 1898, pale mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliposimama mbele ya watazamaji kuwaongoza kuishangilia timu yao ya mpira. Mwanzoni ilikuwa kazi ya wanaume. Baadaye wasichana wakaingia, zikaingia sarakasi, na katika nusu ya pili ya karne ya ishirini washangiliaji wakaanza kushindana wenyewe kwa wenyewe, hawana tena timu ya mpira ya kuishangilia.

Je, huo ni mchezo, au ni pambo la mchezo? Suali hilo lilifika mahakamani. Chuo Kikuu cha Quinnipiac, katika jimbo la Connecticut, kilitaka kuifuta timu ya wanawake ya mpira wa wavu na kuihesabu timu ya washangiliaji mahali pake. Mwezi wa Julai 2010 hakimu wa mahakama ya shirikisho alikikatalia, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikauunga mkono uamuzi wake. Hakimu hakusema kwamba wasichana wale hawatoki jasho, wala kwamba haiwezekani siku moja ushangiliaji ukahesabiwa kuwa mchezo kamili. Alichokiona ni kwamba mambo yao yalikuwa bado hayajapangika: timu ilishindana na vikundi vya kila namna, na kanuni za shindano hili si zile za shindano jingine. Twaomba wakubwa wanaohusika na michezo na utamaduni walitafakari hilo. Kazi ya vijana wale haikutiliwa shaka. Kilichopungua kilikuwa kanuni moja ya kuipimia.

Tangu hapo wameendelea mbele. Mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua kikamilifu umoja wa dunia wa ushangiliaji. Tukiitazama karatasi ya alama iliyotumika kwa miaka mingi katika mashindano ya umoja huo, tunaona jinsi neno "wamependeza" lilivyovunjwa vipande vipande mpaka likapimika. Kila mwamuzi ana alama 100. Kuwaongoza watazamaji kushangilia hupewa 10. Kunyanyuana kwa vikundi vidogo, 25. Minara ya watu, 25 nyingine. Kumrusha mwenzao hewani na kumdaka, 15. Vichwangomba na sarakasi za chini, 10. Namna wanavyotoka tendo moja kuingia jingine bila ya kusitasita, 5. Na mvuto wa onyesho zima, pamoja na kucheza, 10.

Msomaji ataona mara moja kwamba mvuto, ambao mara nyingi ndio pekee unaotajwa na waamuzi wetu wanapoulizwa, una sehemu moja tu katika kumi. Nusu ya alama zote imo katika kunyanyuana na minara, yaani katika matendo ambayo mtu peke yake hawezi kuyafanya. Katika vilabu vya vijana vya Marekani wamekwenda mbali zaidi: alama ya ugumu hutegemea pia ni wangapi katika timu wamelifanya tendo lenyewe. Timu yenye msichana mmoja hodari, na wenzake kumi na tisa wanaompigia makofi, haiwezi kumficha nyuma yake upungufu wao. Kanuni hiyo ingefaa sana katika kwaya zetu, ambako sauti moja nzuri imewahi kubeba thalathini zilizolala.

Kitu kingine ni kwamba ugumu na usafi havichanganywi. Kundi laweza kuchagua jambo jepesi likalifanya bila ya dosari, au jambo zito likalifanya kwa kuyumba, na kila upande una mizani yake. Anayeanguka hukatwa alama kwa kiwango kilichoandikwa kabla ya siku ya shindano, wala si kwa kadiri mwamuzi alivyoudhika. Pembeni huwapo mwamuzi mwingine asiyejali uzuri hata kidogo, kazi yake ni kutazama kama kundi limefanya jambo lililokatazwa kwa daraja lake. Madaraja hayo huanzia 1 mpaka 7, na mtoto wa daraja la chini haruhusiwi kupandishwa mnara wa watu wazima, hata kama mwalimu wake anaapa kwamba anaweza.

Hayo hawakuyapata kwa bei rahisi. Ukiupa ugumu alama nyingi bila ya kuuwekea mpaka, walimu watawapandisha watoto juu zaidi kila mwaka. Mwezi wa Machi 2006 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alianguka kutoka juu ya mnara wakati wa mechi ya mpira wa kikapu, akatolewa uwanjani juu ya machela, na baada ya hapo minara mirefu isiyo na godoro chini yake ikawekewa makatazo. Nasi tunao vijana wanaopanda mabegani mwa wenzao, katika halaiki za sherehe za Mapinduzi na katika maonyesho ya skuli. Halaiki haishindaniwi, na hilo ni jema. Lakini pale ambapo sarakasi zinashindaniwa, hatujui kwa nini godoro lisiwe sharti la kuingia uwanjani kama ilivyo sare.

Karatasi nzuri, hata hivyo, haimtengenezi mwamuzi mwema. Katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, kuteleza kwa wawili wawili juu ya barafu kuliingia aibu baada ya mwamuzi wa Ufaransa kudai kuwa alishinikizwa apige kura upande mmoja. Ikabidi jozi ya Kanada ipewe nayo dhahabu, na mtindo wa zamani wa alama sita ukaachwa. Dawa ya mwanzo iliyotumiwa ilikuwa ya ajabu: majina ya waamuzi yakafichwa, isijulikane nani katoa alama gani, ili asishinikizwe mtu. Matokeo yake ni kwamba aliyependelea naye alipata pa kujificha. Mwaka 2016 siri hiyo ikaondolewa. Tunalitaja kwa sababu tunajua kwamba hoja ya "kuwalinda waamuzi" husikika na hapa petu.

Ushangiliaji wenyewe una doa lake. Kule Marekani kampuni moja, Varsity, iliuza sare, ikaendesha kambi za mafunzo, na ikamiliki pia mashindano makubwa. Vilabu na wazazi waliishitaki kwa kuliteka soko, na mwaka 2023 na 2024 mashauri yakamalizwa kwa malipo ya zaidi ya dola milioni 120, bila ya kampuni kukiri kosa. Visiwani hatuna kampuni kama hiyo. Tunaye fundi wa ngoma anayefundisha kikundi mwezi mzima, kisha siku ya mashindano tunamkuta mezani na kalamu mkononi, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi. Ujuzi wake hatuupingi. Tunachosema ni kwamba kikundi alichokifundisha yeye, akihukumu mwingine.

Kuhusu rufaa, mfano ulio karibu ni wa Paris, mwaka 2024, katika jimnastiki ya wanawake. Kocha wa Mmarekani Jordan Chiles aliomba ugumu wa onyesho la msichana wake uangaliwe upya. Alama ikapanda kutoka 13.666 hadi 13.766, naye akavishwa shaba. Muda wa kulalamika ni dakika moja tu. Mahakama ya usuluhishi wa michezo ikasema ombi lilichelewa kwa sekunde nne, na shaba ikapelekwa kwa Ana Bărbosu wa Romania. Shauri likaendelea hadi mahakama ya Uswisi. Twaona uchungu wa wasichana wote wawili. Hata hivyo, kila mtu duniani aliweza kujua ubishi ulihusu nini, alama ngapi, na sekunde ngapi. Mzazi wa Micheweni au Makunduchi anayeona mwanawe kaonewa hana hata karatasi ya kuielekezea kidole.

Tutaulizwa kama kibati inaweza kutiwa katika mizani. Suali hilo ni la haki. Utamu wa kibati umo katika maneno yanayotungwa hapo hapo na kujibiwa hapo hapo, na mwamuzi anayetazama miguu tu ataondoka hana alichokiona. Msewe nao una mambo yake, njuga za miguuni na mwendo wake. Wazee wetu walishindana kwa ngoma kwa vizazi, na zile beni za Marini na Arinoti zilizosambaa pwani na bara zilihukumiwa na umati, kila mtu akaondoka akidai upande wake umeshinda. Laiti tungeweza kuuacha uamuzi kwa umati! Lakini maadamu tumekwisha kuweka meza, waamuzi na kikombe, basi kila ngoma iandikiwe karatasi yake na wanaoijua, maneno yapewe fungu lake na miguu fungu lake, badala ya kutumia karatasi moja kwa zote.

Tunawaomba wanaohusika, kabla ya msimu ujao, wapeleke karatasi hizo za alama maskulini pamoja na barua ya mwaliko. Majina ya waamuzi yatangazwe, na kila mmoja aseme ana uhusiano na skuli gani. Baada ya matokeo, kila kikundi kipewe nakala ya alama zake, na muda uliotajwa wa kulalamika, uwe nusu saa au siku moja. Gharama yake ni rimu chache za karatasi, ambazo hata zikikosekana ofisini, tunaamini kamati za wazazi hazitashindwa kuzinunua.