Makaratasi ya Nyumba Aliyoiacha Marehemu

Mama mmoja wa Ngaramtoni ametuandikia akiwa bado katika eda. Mumewe, Allah amrehemu, ameacha boma lililofika usawa wa linta, katika kiwanja kinachoteremka kama viteremkavyo viwanja vingi vya upande ule wa Mlima Meru. Wiki ya tatu baada ya maziko alikuja fundi kutoa pole, na baada ya pole akataja deni la shilingi 2,600,000. Shemeji wa mama huyo amesema maneno ya marehemu yamezikwa pamoja naye, hivyo fundi asipewe hata senti. Mama ana karatasi tatu na ujumbe mmoja uliobaki katika simu ya mumewe, na kila kimoja chasema lake. Auliza afuate kipi.

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Ikiwa fundi anadai kwa haki, kumnyima ni kumwachia marehemu mzigo wa deni. Ikiwa hana haki, kila shilingi atakayopewa inatoka katika mafungu ya mayatima. Kwa hiyo hapatoshi huruma ya mama wala ukali wa shemeji. Pana makaratasi, na makaratasi yana namna ya kusomwa.

Mkataba wa ujenzi ni nadra kuwa karatasi moja. Katika kazi kubwa huwa ni bahasha nzima: hati ya makubaliano, masharti, michoro, maelezo ya ubora wa kazi na vifaa, na mchanganuo wa gharama. Mtaani kwetu bahasha hiyo hupungua ikawa kama hii ya mama wa Ngaramtoni. Karatasi ya kwanza ni ukurasa wa daftari wenye saini ya marehemu, ya fundi na za mashahidi wawili. Unasema fundi atajenga boma kama mchoro unavyoonyesha, kwa gharama ya ufundi ya shilingi 7,500,000, na mwenye nyumba atanunua vifaa. Ya pili ni mchoro wa kurasa nne, unaoonyesha kwamba upande wa chini wa kiwanja msingi utakuwa na kozi tano za tofali. Ya tatu ni orodha ya vifaa kwa mwandiko wa fundi: tofali, mifuko ya saruji, nondo, tripu za mchanga na mawe, na hesabu yake ya msingi ni ya kozi tatu. Kisha ujumbe wa simu kutoka kwa marehemu kwenda kwa fundi: ukuta wa chini endelea nao, tutaelewana. Fundi anadai shilingi 1,100,000 kwa kozi mbili za ziada na 1,500,000 kwa ukuta huo.

Kabla ya kuingia ndani, mama atazame majina. Je, aliyesaini ndiye anayedai? Wengi huliona jambo hili dogo, nasi tutamkumbusha msomaji kisa cha Kampala. Mwaka 1994 Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda uliingia mkataba na kampuni ya Alcon International ili ikamilishe jengo la Workers House. Mwaka 1998 mkataba ukavunjwa, na mwaka 2001 msuluhishi akaamuru kampuni ilipwe zaidi ya dola milioni 8. Shauri lilipanda ngazi za mahakama miaka mingi, na tawi lake moja likafika hapa Arusha, mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaitengua tuzo ile, kwa kuwa kampuni yenye mkataba ilikuwa imesajiliwa Kenya, na iliyodai ni nyingine, yenye jina lilelile, iliyosajiliwa Uganda. Mabilioni ya shilingi yalisimama juu ya swali la nani hasa ametajwa katika ukurasa wa kwanza. Ikiwa fundi aliyesaini ni mmoja na anayedai ni mdogo wake aliyeshika mwiko, mama ana haki ya kuuliza. (Kamati za misikiti nazo zitazame hapa: mali ya msikiti ikiwa chini ya wadhamini waliosajiliwa, basi mkataba uwataje wadhamini hao, usibaki kwa jina la mwenyekiti ambaye mwakani huenda akawa mwingine.)

Tuchukulie majina yako sawa. Hati iliyosainiwa ndiyo mlango. Karatasi nyingine huingia mkatabani kwa kutajwa na hati hiyo. Hati ya mama huyu imeutaja mchoro. Haikuitaja orodha ya vifaa hata kwa neno moja. Orodha basi imebaki nje ya mlango, ikiwa ni msaada wa kumwezesha mwenye nyumba kujua atanunua nini. Haikuwa kipimo cha malipo ya fundi.

Hata hivyo tusikimbilie kuitupa. Wanazuoni wa usul al-fiqh, walio wengi, wakikuta dalili mbili zinazoonekana kugongana, huanza kwa kujaribu kuzioanisha, na hugeukia kuipa moja uzito juu ya nyingine pale tu uoanishaji uliposhindikana. Wanasheria wa mikataba nao huanza hapohapo: nyaraka zote za mkataba husomwa kama maandishi ya mtu mmoja mwenye akili timamu, kila moja ikiifafanua mwenzake. Tufanye hivyo kwa msingi huu. Kiwanja kinateremka. Upande wa juu, jamvi litakaa sawa juu ya kozi tatu; upande wa chini, ili jamvi lilelile lisipinde, zahitajika tano. Mchoro umeonyesha upande wa chini. Fundi alipohesabu vifaa alisimama upande wa juu. Karatasi hizi hazipingani. Moja imehesabu nusu ya nyumba. Na kwa kuwa bei ilikuwa ya jumla, ya kulijenga boma lililo katika mchoro, kozi mbili hizo zimo tayari ndani ya shilingi 7,500,000. Kwa fungu hili, sisi twaona fundi hana dai.

Jibu lingegeuka kabisa kama ukurasa ule wa daftari ungesema kwamba fundi atalipwa kwa kadiri ya kazi itakayopimwa, au ungeiunganisha orodha ya fundi na kuiita sehemu ya mkataba. Hapo hesabu ya tatu ingekuwa ndiyo iliyouzwa, na ya tano ingekuwa ziada. Tofauti kati ya bei ya jumla na bei ya kupimwa ndipo familia nyingi zinapopotezea fedha, nayo hukaa katika maneno matatu au manne ambayo hakuna aliyeyatilia maanani siku ya kusaini.

Liko jambo moja la kumlinda fundi. Mama ahakikishe kwamba mchoro anaoushika ndio uliokuwapo siku ya makubaliano. Mchoro uliochorwa upya baada ya saini haumfungi fundi kwa bei ya zamani, na ndiyo maana kila ukurasa wa mchoro yafaa utiwe tarehe na saini za pande zote mbili. Tena asiupime kwa rula. Mchoro ukitolewa kopi katika karatasi ndogo, kila kitu husinyaa, na rula haijui hilo. Namba iliyoandikwa ndiyo ya kufuatwa. Vivyo hivyo, mchoro wa sehemu moja uliokuzwa hutangulia mchoro wa nyumba nzima, na kiasi kilichoandikwa kwa maneno kwa kawaida hutangulia tarakimu zikihitilafiana.

Katika kazi kubwa hakuachwi nafasi ya mabishano ya namna hii. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, katika mkataba wake wa mfano wa mwaka 1999 limepanga safu: makubaliano kwanza, kisha barua ya kukubali zabuni, barua ya zabuni yenyewe, masharti mahususi, masharti ya jumla, maelezo ya kazi, michoro, na majedwali ya bei yakiwa karibu na mkiani. Hapa kwetu Baraza la Taifa la Ujenzi nalo lina mkataba wake wa mfano kwa kazi za majengo. Mwenye kujenga nyumba ya vyumba vitatu hahitaji kitabu kizima, lakini sentensi moja inayosema karatasi ipi itashinda zikitofautiana haimgharimu kitu. Sentensi hiyo isipokuwapo, utata wa karatasi huelekea kumrudia aliyeiandika. Na orodha ile aliiandika fundi.

Sasa ukuta. Haumo katika mchoro, haumo katika orodha, na hapa shemeji amekosea. Ni kweli kwamba Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haimruhusu mtu kuleta maneno ya mdomo ili kuyapinga yaliyokwisha kuandikwa mkatabani. Lakini sheria hiyohiyo haizibi njia ya kuthibitisha makubaliano yaliyofanyika baadaye, na hapa hatuna hata maneno ya mdomo, tuna maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeutambua ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Marehemu alisema endelea, fundi akaendelea, ukuta umesimama na unazuia udongo wa kiwanja usiondoke na mvua za masika. Sheria ya Mikataba nayo inamtaka aliyenufaika na kazi isiyokuwa ya hisani amlipe aliyeifanya. Hilo ni deni.

Lakini ni deni la kiasi gani? Tutaelewana si bei. Shilingi 1,500,000 ni kauli ya fundi peke yake mpaka ipimwe. Mama amwombe mkadiriaji majenzi, au walau fundi mwingine mwaminifu asiye na masilahi, aupime ukuta kwa urefu, kimo na unene, na aulinganishe na bei ya ufundi inayotumika Ngaramtoni kwa kazi ya namna hiyo. Waulize pia mawe na saruji vilinunuliwa na nani. Ikiwa ni marehemu, fundi atadai ufundi tu. Na ikiwa sehemu ya ukuta ilijengwa ili kuushikilia mtaro wa fundi mwenyewe wakati wa kazi, sehemu hiyo ni gharama yake.

Kikao hicho chaweza kufanyika nyumbani kwa mama, kwa stara, mbele ya kaka zake na wale mashahidi wawili waliosaini daftari. Eda haimzuii kusema juu ya mali. Lakini malipo yasitoke mkononi mwake wala mwa shemeji. Yatolewe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kutoka katika mali ya marehemu kabla ya kugawanywa, na risiti iandikwe kwamba ni malipo ya ukuta wa mawe wa upande wa chini, uliojengwa nje ya mchoro kwa maagizo ya marehemu, na kwamba fundi hadai kingine juu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Risiti hiyo iwekwe pamoja na daftari, mchoro na simu yenyewe, ambayo tunamwomba mama asimgawie mtoto kuchezea.